Kufilisiwa na Kujifilisi: Historia ya Kinga ya Mdaiwa Mbele ya Mahakama

Neno muflisi ni la zamani katika lugha yetu, na watu hulitumia kila siku bila kuuliza limetoka wapi wala limebeba nini. Mtu akipotewa na mali twasema amefilisika. Duka likifungwa kwa sababu ya madeni twasema mwenyewe amefilisika. Hata aliyemaliza fedha zake katika karamu ya arusi huitwa muflisi kwa mzaha. Lakini katika sheria neno hili lina maana nyembamba zaidi. Muflisi wa sheria si kila mtu asiye na kitu, bali ni yule aliyetiwa katika hali hiyo kwa amri ya kadhi au jaji. Na hali hiyo ina mwanzo wake, taratibu zake na mwisho wake.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi hali hiyo, ambayo mbele ya watu ni fedheha, ilivyopata kuwa ngao ya mdaiwa anapoandamwa na mashauri ya madeni. Nitaanza na maneno yenyewe, kisha nitatazama fiqhi ya Kishafii iliyotumika pwani yetu, kisha sheria ya Uingereza na ya Marekani, na mwisho nitarudi Afrika ya Mashariki. Jambo hili lawahusu wanasheria, lakini lawahusu vilevile wanafunzi wa lugha. Kwani tangu mwaka 2021, Tanzania ilipobadili sheria yake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, neno lililowekwa vibaya laweza kumpoteza mtu nyumba yake.

I. Maneno

Kiswahili cha zamani kilikuwa na kitenzi kizuri cha kueleza deni, nacho ni kuwia. Aliyekopesha alisema "namwia fulani," na aliyekopa alisema "nawiwa na fulani." Kwa hiyo mwenye kudai aliitwa mwia. Siku hizi kitenzi hiki kimebaki kwa watu wachache, na mahali pake pameshikwa na kudai, chenye asili ya Kiarabu. Badiliko hili si dogo. Kuwia ni hali iliyopo baina ya watu wawili hata wakiwa wamenyamaza. Kudai ni kitendo, ni kufungua kinywa na kutaka. Tena mahakamani maneno mdai na mdaiwa hutumika kwa kila aliyeleta shauri na kila aliyeshtakiwa katika mambo yasiyo ya jinai, hata kama ugomvi wao ni wa mpaka wa shamba. Hivyo msikilizaji asiyezoea hudhani kwamba kila mdaiwa wa mahakamani ana deni la fedha, na kwamba kila mwenye deni yumo mahakamani. Mambo haya mawili ni mbalimbali, na katika habari ya kufilisika tofauti yake ndiyo kiini cha jambo.

Ama neno muflisi, limetoka katika Kiarabu, na shina lake lahusiana na fals, wingi wake fulus, yaani sarafu ndogo za shaba. Wanachuoni wa lugha wamelieleza kwa njia mbili: kwamba muflisi ni mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha akashuka mpaka kubaki na shaba tu, au kwamba ni mtu ambaye hata hiyo shaba hana. Waitalia wa miji ya biashara walisema banca rotta, yaani benchi lililovunjika, na kutoka hapo Waingereza wakapata neno lao. Wahindi wafanyao biashara katika miji yetu wana neno diwaliya, ambalo wengi hulihusisha na diwa, taa. Husimuliwa kwamba mfanyabiashara aliyeshindwa aliwasha taa dukani mchana kweupe ili wanaomdai wajue. Katika kila lugha, basi, neno lilianzia katika kitu kinachoonekana kwa macho: sarafu, benchi, taa.

Kiswahili kililichukua neno la Kiarabu kikalitia katika minyumbuliko yake. Kufilisi ni kitendo cha mwenye kudai au cha serikali, kumnyang'anya mtu mali yake kwa ajili ya deni. Kufilisiwa ni kutendewa hivyo. Kufilisika ni kuwa katika hali hiyo, bila kutaja nani aliyeileta. Na sarufi yaruhusu neno la nne, kujifilisi, ingawa halisikiki sana. Yafaa msomaji ayakumbuke maneno haya manne, kwa sababu historia ya sheria hii, kila ilikokwenda, ni historia ya mwendo kutoka kufilisiwa kwenda kujifilisi.

II. Fiqhi ya pwani

Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki makadhi wa Kisuni walihukumu kwa madhehebu ya Imamu Shafii, na kitabu kilichotegemewa sana ni Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Mahakimu wa Kiingereza nao walikitumia katika tafsiri ya E. C. Howard iliyopigwa chapa mwaka 1914. Kitabu hicho kina mlango mzima wa taflis, yaani kumtangaza mtu kuwa muflisi.

Msingi wake ni huu. Mtu akiwa na madeni yaliyokwisha fika muda wake, na madeni hayo yakazidi mali yake, kadhi humwekea hajri, yaani kizuizi: hawezi tena kuuza, kutoa zawadi wala kuweka rehani mali yake kwa namna ya kuwadhuru wanaomdai. Kisha mali huuzwa na fedha hugawanywa kwa wanaomdai, kila mmoja kwa kadiri ya haki yake. Wanachuoni hutegemea mapokeo kwamba Mtume alimzuilia Muadh bin Jabal mali yake na kuiuza katika madeni. Abu Hanifa hakukubali kizuizi hiki kwa mtu mzima mwenye akili zake. Yeye aliona afadhali mdaiwa afungwe mpaka auze mwenyewe. Lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, walimkhalifu katika jambo hili.

Mambo matatu katika mlango huo yastahili kuangaliwa sana. La kwanza, kizuizi huwekwa kwa ombi la wanaodai, lakini kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwa Nawawi huwekwa pia kwa ombi la muflisi mwenyewe. Yaani katika karne ya 13 fiqhi ya Kishafii ilikwisha kubali kwamba mdaiwa aweza kwenda kwa kadhi kwa miguu yake na kuomba afilisiwe. Huko ndiko kujifilisi, na tutaona kwamba Uingereza ilikawia karibu miaka 600 kufika hapo.

La pili ni habari ya vitu anavyoachiwa. Muflisi huachiwa nguo zinazomstahili, na chakula chake na cha watu wanaomtegemea kwa siku ya mgawanyo. Nyumba yake huuzwa. Baada ya mgawanyo halazimishwi kufanya kazi wala kujikodisha kwa ajili ya salio la deni. Na ikithibitika kwamba hana kitu, haijuzu kumfunga wala kumwandama. Ni lazima apewe muhula. Hukumu hii yatokana na aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo yaagiza mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na kueleza kwamba kumsamehe ni bora zaidi.

La tatu ndilo zito. Salio la deni halifi. Muhula si msamaha. Mdaiwa akipata mali baada ya miaka 10, yule aliyemwia bado anamwia. Kusamehe kumeachwa mikononi mwa mwenye haki, na kadhi hana uwezo wa kusamehe kwa niaba yake. Naam, hadithi mashuhuri iliyo katika Sahihi ya Muslim yamweleza muflisi wa kweli kuwa ni mtu atakayefika Siku ya Kiyama na sala na saumu zake, lakini aliwadhulumu watu, hata thawabu zake zikagawiwa wale aliowadhulumu. Aliyezoea mahakama ya kadhi angeutambua mara moja utaratibu ule: wenye haki wamekusanyika, na mali inagawanywa mpaka inakwisha. Kwa fikira hiyo deni lamfuata mtu hata nje ya dunia, na hakuna jaji wa kulikata katikati ya njia.

III. Uingereza: kutoka sikio kukatwa mpaka deni kufutwa

Sheria ya Uingereza ilianza mbali sana na hapo. Sheria ya kwanza ya kufilisika, ya mwaka 1542 katika zama za Mfalme Henry wa Nane, ilimwona muflisi kuwa mkosaji, mtu aliyekula mali za watu kisha akakimbia au akajificha nyumbani. Sheria ya mwaka 1571 iliiweka hali hiyo kwa wafanyabiashara peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 17 Bunge liliongeza kwamba muflisi mwenye hila asimamishwe hadharani na akatwe sikio. Katika sheria zote hizo mdaiwa hakuwa na la kusema: wanaomdai ndio waliopeleka ombi, na hata baada ya mali yote kuuzwa salio lilibaki shingoni mwake.

Badiliko kubwa lilitokea mwaka 1705. Bunge liliamua kwamba muflisi aliyejitokeza, akaonyesha mali yake yote na kujibu maswali kwa kweli, aondolewe madeni yaliyobaki. Katika sheria hiyohiyo mwenye kuficha mali kwa hila aliwekewa adhabu ya kifo. Mkono mmoja ulitoa zawadi ambayo haijapata kuonekana, na mkono wa pili ulishika kitanzi. Nia ya vyote viwili ni moja, yaani mali ipatikane. Basi kufutwa kwa deni hakukuanza kwa huruma. Kulianza kama bei waliyolipwa wadaiwa ili waseme kweli. Mwandishi Daniel Defoe, aliyefilisika mwaka 1692 kwa madeni ya pauni 17,000, alikwisha andika mwaka 1697 kwamba sheria kali humfanya mdaiwa akimbie na mali, hata wanaomdai wakakosa vyote.

Lakini zawadi hii ilikuwa ya wafanyabiashara tu. Mtu wa kawaida, karani au seremala, alipodaiwa alikamatwa na kutiwa gerezani kwa ombi la mtu anayemdai, akakaa humo mpaka alipe au asamehewe. Mfano unaojulikana sana ni wa John Dickens, karani wa ofisi ya malipo ya jeshi la majini, aliyefungwa katika gereza la Marshalsea, London, mwaka 1824 kwa deni la mwoka mikate la pauni 40 na kitu. Mwanawe Charles, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Baba alitoka baada ya miezi mitatu hivi kwa kutumia sheria ya wadaiwa wasiojiweza, iliyokuwa na mahakama yake tangu mwaka 1813. Sheria ilitaka nguo na vyombo vya mdaiwa na jamaa yake visizidi thamani ya pauni 20. Kwa hiyo mtoto yule alipelekwa mbele ya mthamini wa serikali ili nguo alizovaa zitazamwe. Alipokuwa mwandishi mashuhuri hakuisahau siku ile, na gereza la Marshalsea limeingia katika riwaya yake ya Little Dorrit.

Hatua zilizobaki zilikuja moja baada ya moja. Ilikuwa katikati ya karne ya 19 ndipo mfanyabiashara aliporuhusiwa kupeleka ombi lake mwenyewe. Kabla ya hapo aliyetaka kufilisika alilazimika kumsihi rafiki anayemdai ampeleke yeye, na shauri likawa mchezo wa watu wawili waliokwisha kupatana. Mwaka 1861 watu wasio wafanyabiashara nao waliingizwa. Mwaka 1869 kifungo kwa ajili ya deni kiliondolewa, isipokuwa katika mambo machache, hasa kwa mtu mwenye uwezo wa kulipa anayekataa. Na mwaka 1883 sheria aliyoiongoza Joseph Chamberlain Bungeni ilianzisha cheo cha Mpokezi Rasmi, ofisa wa serikali mwenye kuishika mali ya muflisi na kuchunguza mwenendo wake. Sheria hizo zilikusanywa upya mwaka 1914, na hiyo ya 1914 ndiyo mama wa sheria zetu. Ndani yake muflisi aliachiwa zana za kazi yake, nguo na matandiko visivyozidi pauni 20: kiasi kilekile kilichopimwa juu ya mwili wa mtoto wa Marshalsea miaka 90 kabla.

IV. Marekani

Marekani yastahili maneno machache, kwa sababu huko ndiko kujifilisi kulikofika mbali zaidi. Katiba ya mwaka 1787 ililipa Bunge la nchi nzima uwezo wa kutunga sheria ya kufilisika. Sheria ya kwanza, ya mwaka 1800, ilifuata mtindo wa Kiingereza wa wafanyabiashara na wanaowadai, nayo ilifutwa mwaka 1803. Katika muda huo mfupi ilimnufaisha Robert Morris, tajiri aliyeshughulikia fedha za vita vya kujipatia uhuru, ambaye alifungwa Philadelphia mwaka 1798 kwa madeni na kutoka mwaka 1801. George Washington mwenyewe alikwenda kula naye gerezani.

Sheria ya mwaka 1841 ilifanya jambo jipya: mtu yeyote, mfanyabiashara au siye, aliweza kupeleka ombi lake mwenyewe. Zaidi ya watu 30,000 walifutiwa madeni kwa sheria hiyo kabla haijafutwa mwaka 1843, kwa kuwa wenye kudai walipiga kelele kwamba wamepokonywa haki zao. Sheria ya mwaka 1867 nayo ilifutwa mwaka 1878. Sheria ya mwaka 1898 ndiyo iliyodumu, mpaka ilipochukuliwa mahali pake na ile iliyotungwa mwaka 1978.

Kwa sheria hiyo ya 1978, mara ombi linapopokelewa mahakamani, bila kungoja jaji aseme neno, kila shauri la kudai husimama. Mdai hawezi kufungua kesi mpya wala kuendelea na ya zamani. Hawezi kukaza hukumu aliyokwisha kuipata, wala kukata mshahara, wala kuandika barua, wala kupiga simu. Mashauri yaliyotawanyika katika mahakama mbalimbali huvutwa mahali pamoja. Mwishoni, kwa mdaiwa mkweli, deni hufutwa, na hukumu iliyojengwa juu ya deni hilo yabaki karatasi tupu. Lakini rehani haifi. Aliyewekewa nyumba au gari kama dhamana amepoteza haki ya kumdai mtu, hakupoteza haki ya kukishika kitu. Na yako madeni yasiyofutika: matunzo ya watoto, madeni yaliyopatikana kwa udanganyifu, kodi za karibuni, na mara nyingi mikopo ya masomo.

Mwaka 2005 Bunge liliweka kipimo cha mapato, ili mwenye uwezo wa kulipa kidogo kidogo asikimbilie kufutiwa deni mara moja. Watu walikimbilia mahakama kabla sheria haijaanza kutumika, hata maombi ya mwaka huo yalizidi 2,000,000. Twaona kwamba ugomvi wa 1841 haukwisha: je, muflisi anayejileta ni mtu aliyezama, au ni mjanja aliyejifunza kuogelea chini ya maji?

V. Afrika ya Mashariki

Katika karne ya 19 biashara yote ya misafara, ya pembe na ya karafuu, ilisimama juu ya mkopo. Tippu Tip katika maisha yake aliyoyaeleza kwa Kiswahili hazungumzi habari za safari tu, bali pia za mali alizokopeshwa Unguja na matajiri wa Kihindi, naye Taria Topan alikuwa mkubwa wao. Mwenye msafara aliyeshindwa kulipa alikuwa na njia nyepesi kuliko kwenda kwa kadhi: alibaki bara. Mwenye shamba la karafuu hakuwa na njia hiyo, maana mikarafuu haitembei. Alikopa kwa beyi ya khiyari, yaani aliuza shamba kwa sharti la kulikomboa, kisha akakaa humo kama mpangaji na kulipa ijara. Kwa njia hii faida ya mkopo ilipita bila kuitwa riba.

Waingereza waliposhika nchi, mahakama zao zilitumia kwanza sheria nyingi za Bara Hindi. Baadaye zilitungwa sheria za kufilisika kwa mfano wa ile ya 1914: Kenya na Tanganyika mwaka 1930, Uganda mwaka 1931. Kwa sheria hizo, mahakama ikisha kutoa amri ya kuiweka mali chini ya Mpokezi Rasmi, mwenye kudai hana ruhusa ya kumshika mdaiwa wala mali yake, wala kufungua shauri, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Mwenye rehani peke yake hazuiliwi. Ombi laweza kuletwa na mdai au na mdaiwa mwenyewe. Maneno yetu yote manne yalikuwamo.

Lakini sheria hizo ziliwafaa akina nani? Kwa sehemu kubwa ziliwafaa wenye maduka wa Kihindi na walowezi wa Kizungu, kwa sababu Mwafrika aliwekewa kinga ya namna nyingine. Katika miaka kati ya vita viwili vikuu, Kenya na Tanganyika zilikuwa na sheria za kuwazuia wafanyabiashara wasio Waafrika kudai mahakamani mkopo waliompa Mwafrika, ila ukiwa umeandikwa na kukubaliwa na ofisa wa serikali. Serikali ilisema inamlinda asinaswe na madeni. Kweli alilindwa na mashauri. Ila alilindwa pia na mtaji, kwani nani atamkopesha mtu asiyeweza kudaiwa? Mfanyabiashara Mwafrika hakuweza kufilisika kwa sababu hakuruhusiwa kukopa kama wenzake. Hapa ndipo tuonapo kwamba kufilisika kisheria, pamoja na fedheha yake, ni alama ya mtu aliyehesabiwa kuwa mzima sokoni.

Unguja ilichukua njia ya tatu. Bei ya karafuu ilipoanguka na mashamba kuelemewa na madeni, serikali haikuwaambia wenye mashamba wajifilisi. Ilitoa dikrii mwaka 1934 za kuzuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isiuzwe kwa mtu asiye wa jamii hizo bila idhini, na madai ya madeni hayo yakasimamishwa kwa muda. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona wameonewa, na mwaka 1937 Wahindi wakasusia karafuu za Unguja. Sababu ya serikali kuacha njia ya kufilisika yaeleweka: kufilisika humwokoa mtu kwa kuuza mali yake, na hapa kilichotakiwa kuokolewa ni mali yenyewe, yaani shamba. Ngao hii haimfai mwenye ardhi anayetaka kubaki na ardhi yake. Yamfaa mwenye mshahara au mwenye mikono mitupu.

VI. Shauri la Nairobi

Mwaka 2010, baada ya Kenya kupata Katiba mpya, lilifika mbele ya Jaji Martha Koome wa Mahakama Kuu shauri ambalo laonyesha mambo haya yote kwa ufupi. Mdaiwa alikuwa ameshindwa katika kesi ya deni, na mdai alitaka atiwe katika kifungo cha madai. Mdaiwa alipeleka ombi la kujifilisi, na amri ya kuiweka mali yake chini ya Mpokezi Rasmi ikatolewa. Mdai akalalamika kwamba hiyo ni hila ya kukwepa hukumu. Jaji aliukataa mwendo wa kumfunga. Alitegemea Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao Kenya iliuingia mwaka 1972 na ambao kifungu chake cha 11 chakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza mapatano. Mwaka 2012 Jaji David Majanja, katika shauri jingine, aliliweka jambo hilo kwa mizani: kifungo cha madai hakikufutwa chote, lakini hakiwezi kutumika kwa asiyejiweza, ni lazima kwanza mahakama ithibitishe kwamba mtu ana uwezo na anakataa, au anaficha mali.

Ukiyatazama maneno ya majaji hao wawili utaona kwamba ni swali lilelile walilojiuliza mafakihi: je, huyu ni mwenye dhiki au ni mwenye wasaa anayechelewesha? Mwenye dhiki hafungwi. Mwenye wasaa asipewe ngao.

Kenya iliweka kando sheria ya 1930 kwa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, kama Uganda ilivyofanya mwaka 2011. Kwa sheria hiyo ya Kenya, muflisi hufunguliwa bila ombi jipya baada ya miaka 3 tangu alipotoa taarifa ya mali na madeni yake. Tena asiye na mali yoyote, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na 400,000, amewekewa utaratibu mfupi wa miezi 12. Tanzania imebaki na sheria ile ya 1930, na humo kufunguliwa kwahitaji amri ya mahakama; anayedhani kwamba muda peke yake utamfungua hukosea. Na kuingia katika hali hiyo si jambo la bure: muflisi asiyefunguliwa, kwa Katiba ya Kenya, hawezi kuwa mbunge, na kila anachopata chaweza kuchunguzwa.

VII. Hitimisho

Kutokana na hayo tuliyoeleza, waandishi na wafasiri wa sheria wana kazi tatu za lugha. Kwanza, wapambanue muflisi na mfilisi. Muflisi ni mdaiwa aliyetangazwa. Mfilisi ni mtu aliyewekwa kukusanya na kugawa mali. Tofauti ni sauti moja tu, nayo katika hati yaweza kumgeuza mwenye mamlaka kuwa mwenye deni.

Pili, wapambanue mambo matatu ambayo watu huyachanganya katika neno moja la kufilisika: kusimamishwa kwa mashauri, ambako huja mwanzoni, kugawanywa kwa mali, ambako huja katikati, na ondoleo la deni, ambalo huja mwishoni au lisije kabisa. Mtu aliyeambiwa na rafiki yake "jitangaze muflisi, madai yatakwisha" ameambiwa nusu ya kweli. Madai yatasimama, kwisha ni jambo jingine, na ardhi aliyoiweka rehani haimo katika ngao hiyo.

Tatu, wapambanue muhula na ondoleo. Muhula ni neno la fiqhi: deni lipo, bali lingojewe. Ondoleo ni neno la Bunge: deni halipo tena. Mwislamu mcha Mungu aliyepata ondoleo la mahakama aweza bado kujiona anawiwa katika dhamiri yake, na akalipa alipojaliwa. Sheria haimlazimishi wala haimzuii. Hapa lile neno la zamani, kuwiwa, lasema jambo ambalo kudaiwa hakuliwezi: mtu aweza kuwa hadaiwi na yeyote, na bado akawiwa. Ingekuwa hasara kuliacha neno hilo lipotee wakati huu ambapo mahakama zetu zaanza kulihitaji.